Maonyesho ya Mapango ya Noeli ya Nchi Mbalimbali Kanisani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa kamati za parokia na sharika zinazoandaa maonyesho ya mapango ya Noeli, yaani seti za sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, kutoka nchi nyingi, hasa hapa Afrika Mashariki, ambako joto, unyevu na wadudu havingoji sikukuu iishe. Historia imeingia pale tu inapomsaidia anayepanga meza au anayewatembeza wageni.

Mapango mangapi yanatosha?

Kumi na mawili yanatosha, mradi yatofautiane kweli: udongo, mbao, nguo, karatasi, majani. Seti ishirini za rezini kutoka kiwanda kimoja cha China, hata kama zilinunuliwa katika nchi ishirini, ni seti moja iliyorudiwa.

Hesabu ya nafasi ni hii. Meza ya kawaida ya ukumbini ina urefu wa sentimita 180. Seti ya wastani inataka sentimita 60, pamoja na kadi yake na nafasi kidogo ya kuitenga na jirani. Meza moja basi hubeba seti tatu. Ukumbi wa mita 8 kwa 10 huingiza meza 12 kandokando ya kuta bila kuziba milango, yaani seti 36, na katikati panabaki wazi. Pabaki wazi hivyo hivyo. Njia ya wageni iwe na upana usiopungua sentimita 150, wawili wapishane na kiti cha magurudumu kipite. Mkiwa na seti 60, onyesheni 36 mwaka huu na nyingine mwakani.

Tufungue lini, tufunge lini?

Wengi hufungua Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na kufunga kwenye Ubatizo wa Bwana, kipindi cha Noeli kinapokwisha. Lakini tazameni watu wenu wako wapi. Dar es Salaam hupungukiwa watu wiki ya kabla ya Krismasi, nusu ya mtaa ikiwa imekwenda Moshi, Bukoba au Mbeya. Parokia ya mjini ifungue mapema. Ile ya Kilimanjaro ina haki ya kungoja hadi tarehe 20 Desemba, wageni wanapoanza kushuka kwenye mabasi.

Ziko nchi ambako pango hubaki hadi 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni. Kule Mexico ndiyo siku familia humwinua Mtoto kutoka horini na kumpeleka kanisani akiwa na nguo mpya. Kwa Mombasa, Tanga au Zanzibar hatushauri kwenda mbali hivyo kwa seti za karatasi, unga na majani. Wiki sita kwenye hewa ya pwani zinawatosha.

Yakae kanisani au ukumbini?

Ukumbini ni bora. Ikibidi kanisani, tumieni ubavuni au nyuma, si eneo la altare; kwa hilo paroko au mchungaji wa usharika ndiye mwenye neno la mwisho. Pango la kanisa lenyewe, lile ambalo waamini husali mbele yake, libaki peke yake mahali pake na lisipewe namba ya maonyesho.

Epukeni mambo matatu: dirisha linaloingiza jua la mchana, sehemu iliyo chini ya pangaboi, na meza iliyo jirani na spika za kwaya. Mdundo wa besi hutetemesha meza, na sanamu nyepesi husogea kidogo kidogo hadi ukingoni. Ikianguka Jumatatu, chanzo ni mazoezi ya Jumamosi.

Mtoto Yesu awekwe kabla ya mkesha wa Noeli?

Katika pango la kanisa, hapana. Katika maonyesho inategemea seti. Nyingi za mbao zina Mtoto aliyechongwa pamoja na hori, na hakuna wa kumbandua. Kwa walio huru, kamati ichague utaratibu mmoja kwa seti zote na kuuandika mlangoni, maana swali litakuja kila siku. Mkiamua kumficha, kila Mtoto awe na mfuko wenye namba ya seti yake. Watoto Yesu kumi na watano wa sentimita tatu ndani ya boksi moja, bila namba, ni adhabu ya usiku kucha.

Wengine huwasogeza Mamajusi hatua kwa hatua hadi Epifania. Nyumbani inapendeza. Kwenye maonyesho waacheni wafike mapema, la sivyo wageni watadhani wamepotea.

Tutayapata wapi mapango ya nchi nyingi?

Makabatini mwa watu. Mashirika ya watawa yenye nyumba katika nchi nyingi, mapadri waliosoma Roma, familia zenye ndugu Ujerumani, Marekani au Oman: seti ziko, ila hakuna aliyeziomba. Tangazo lisomwe Jumapili tatu mfululizo mwezi Septemba, likitaka mambo manne: seti ilitoka nchi gani, ina vipande vingapi, kimo cha kipande kirefu kuliko vyote, na picha moja ya simu. Bila kimo mtapanga meza kwa kukisia.

Za kwetu zinanunulika. Wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, hufanya kazi ya mpingo na miti mingine. Kwa Wakamba uchongaji una mizizi Wamunyu, Machakos, na una ushirika wake Changamwe, Mombasa. Sanamu za mawe ya Kisii hutoka Tabaka. Seti za nyuzi za mgomba hutengenezwa Kenya na Uganda, ni nyepesi, za bei ya kustahimilika, na ndizo zinazopendwa zaidi na watoto.

Tukiagiza kwa mchongaji, tumweleze nini?

Idadi, kimo, mti na tarehe, kwa maandishi. Seti ndogo iliyotimia ina vipande 11: Maria, Yosefu, Mtoto na hori yake kama kipande kimoja, Mamajusi watatu, wachungaji wawili, malaika, ng'ombe na punda. Ongezeni kondoo wawili mkiweza. Kipimo kianzie kwa Yosefu: akiwa na sentimita 20 wima, Maria aliyepiga magoti awe na 13 au 14, na mgongo wa punda ufike kifuani mwa Yosefu, usivuke. Msipotaja vipimo mtaletewa kondoo wa kumtisha ngamia. Agizeni mwezi Agosti, sanamu zipate wiki kadhaa za kukaa ndani na kuonyesha kama zitapasuka.

Zinapasuka kwa sababu mti ulichongwa mbichi. Geuzeni sanamu mtazame kitako: ufa mwembamba unaotoka kwenye moyo wa mti kwenda nje utaendelea kufunguka. Sanamu yenye moyo wa mti ndani yake ndiyo yenye hatari zaidi. Mpingo una shida nyingine. Ukipelekwa Ulaya wakati wa baridi, kwenye nyumba yenye hewa kavu ya joto, hupasuka hata ukiwa mzee.

Mpingo wa kweli ni mzito kiasi cha kuzama majini, na kitakoni mara nyingi huonyesha utepe wa njano iliyofifia, ule mti wa nje. Msiitose sanamu majini kuhakikisha. Sugueni kitako kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka cheusi, mmenunua rangi ya viatu.

Tutazitambuaje seti za nchi kubwa za desturi hii?

Kwa malighafi kwanza, kisha kwa watu waliozunguka hori.

Seti ya Napoli ya mtindo wa karne ya 18 ina vichwa vya udongo wa kuchoma, macho ya kioo, mikono na miguu ya mbao, na mwili wa waya uliozungushiwa nyuzi za katani kisha ukavishwa hariri. Waya ndio unaoiwezesha sanamu kukunjwa ikae, ipige magoti au inyooshe mkono. Mpya mnaweza kuikunja. Ya zamani iacheni ilivyo, katani na hariri zimekauka na zitakatika. Familia Takatifu huwekwa kwenye magofu ya hekalu la kipagani, na kuizunguka kuna mtaa mzima: muuza samaki, mwenye kilabu cha mvinyo, wapiga zumari. Mchungaji aliyelala, Benino, huwekwa juu kabisa, kwa kuwa wanasema mandhari yote ni ndoto yake. Mafundi wake wamejaa mtaa wa San Gregorio Armeno hadi leo.

Provence, kusini mwa Ufaransa, ina sanamu ndogo za udongo zinazoitwa santoni. Mapinduzi ya Ufaransa yalipofunga makanisa, watu walihamishia pango nyumbani, na Jean-Louis Lagnel wa Marseille akafyatua sanamu kwa kalibu ili hata mnyonge azimudu. Soko lake la Marseille lipo tangu 1803. Ndani yake kuna kijiji kizima, msaga ngano, mnoa visu, muuza samaki, na mmoja aliyeinua mikono juu kwa furaha asiye na zawadi yoyote. Huyo wanamwita Ravi. Santoni za zamani hazikuchomwa moto. Kitambaa chenye maji kitaifuta sura ya mtu na kuacha bonge la udongo.

Kraków, Poland, haina zizi wala pango. Ina kasri la kadibodi na mbao lililofunikwa karatasi za kung'aa za rangi, lenye minara ya kuiga kanisa la Maria Mtakatifu na majengo mengine ya mji huo, na Familia Takatifu mara nyingi iko ghorofani. Mashindano yake yalianza 1937, hufanyika Alhamisi ya kwanza ya Desemba kwenye uwanja mkuu wa soko, na UNESCO iliiandika desturi hii kwenye orodha yake mwaka 2018. Karatasi ya kung'aa huchubuka kwa kucha moja. Libebeni kwa kushika kitako kwa mikono miwili, kamwe msishike minara.

Kutoka milima ya Erzgebirge, Ujerumani, kuna piramidi ya mbao: mishumaa chini, mapanga kama ya pangaboi juu, na joto linalopanda ndilo linalozungusha sanamu. Isipozunguka, angalieni mambo matatu kwa mpangilio huu: upepo wa pangaboi, mapanga ambayo hayakuinama sawa (yote yaelekee upande mmoja, karibu nyuzi 45), na ncha ya mhimili iliyojaa vumbi kwenye kikombe chake. Mapanga yakilala bapa juu ya mshumaa unaowaka yataungua. Kwenye maonyesho ya umma msiiwashe. Izungusheni kwa kidole mbele ya wageni, inatosha.

Ayacucho, Peru, hutoa sanduku la mbao lenye milango miwili iliyochorwa maua, na ndani ghorofa mbili za sanamu za plasta iliyokandwa na viazi vilivyochemshwa. Mzee wa sanaa hiyo, Joaquín López Antay, alipewa tuzo ya taifa ya utamaduni mwaka 1975, na wasomi kadhaa wakalalamika kwamba fundi hastahili. Calderón, karibu na Quito, Ecuador, hutengeneza sanamu za unga wa ngano uliokandwa na gundi. Hizi mbili, ya viazi na ya unga, ni chakula. Mende na panya wanalijua hilo kabla ya kamati.

Bethlehemu yenyewe hutoa sanamu za mzeituni, nyingi kutokana na matawi yanayopogolewa. Mistari ya kahawia iliyojipinda ndiyo urembo wake. Iliyopakwa vanishi nzito imefichwa kitu. Seti ya Katalunya ikija, ihesabuni vizuri: nyuma ya kichaka kuna mwanamume aliyechuchumaa akijisaidia. Ni desturi ya kweli na ya siku nyingi, si utani wa aliyewaazima. Paroko aambiwe mapema.

Na seti za Afrika zenye Wamasai, twiga na tembo, je?

Nzuri, na zioneshwe, ila kadi iseme kweli. Nyingi zilibuniwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani, na familia ya Machakos au Mtwara haina desturi ya kuweka twiga kando ya hori. Hiyo haizifanyi za uongo. Zinaonyesha mchongaji alivyojibu soko, na mkono wake bado ni mkono hodari. Ubaya ni kuandika «pango la asili la Wamasai».

Mbona Mtoto Yesu ana sura ya Kimakonde, ya Kiperu, ya Kichina? Si alizaliwa Bethlehemu?

Swali hili huulizwa mbele ya sanamu nyeusi, na mara chache mno mbele ya Mtoto mwenye nywele za dhahabu. Mwongozaji aanzie hapo. Napoli ilimzunguka na wauza samaki wa Napoli, Provence ikamletea wasaga ngano wake, Peru ikamwekea llama, mnyama wa mizigo wa huko. Kila mmoja alichonga aliyemwona jirani. Anayetaka mavazi ya Palestina ya kale atayapata kwenye seti za mzeituni, meza mbili mbele.

Ng'ombe na punda wametoka wapi, na kwa nini wengine wana pango na wengine zizi?

Injili ya Luka inataja hori, haitaji mnyama hata mmoja. Ng'ombe na punda wametoka Isaya 1:3. Pango ni mapokeo ya zamani: Yustino Mfiadini, katikati ya karne ya pili, anaandika kwamba Yesu alizaliwa pangoni karibu na Bethlehemu. Zizi la mbao ni la Ulaya, ambako mifugo hulala ndani ya jengo. Mathayo hasemi Mamajusi walikuwa watatu. Zawadi ndizo tatu.

Nani alianzisha desturi hii?

Fransisko wa Assisi ndiye anayetajwa, usiku wa Noeli mwaka 1223 huko Greccio, Italia. Mnachotakiwa kuwaeleza wageni ni kwamba hapakuwa na sanamu za Familia Takatifu. Palikuwa na hori, majani makavu, ng'ombe na punda hai, na Misa iliyoadhimishwa juu ya hori. Sanamu za mawe za Arnolfo di Cambio, zilizoko kanisa la Maria Mkuu, Roma, ni za mwisho wa karne hiyo hiyo. Papa Fransisko alikwenda Greccio 1 Desemba 2019 kutia sahihi barua yake kuhusu maana ya pango.

Kadi ya maelezo iandikwe nini?

Maneno 40 hadi 60, herufi kubwa za kusomeka kwa hatua moja (ukubwa wa 18 au zaidi), Kiswahili juu, lugha nyingine chini kama mna wageni. Taja mahali, malighafi, jinsi ilivyotengenezwa, na jambo moja la kutafuta kwa macho. Hilo la mwisho ndilo linalomfanya mtu ainame atazame. Mfano:

«7. Ayacucho, Peru. Sanduku la mbao. Sanamu za plasta na viazi, zimepakwa rangi kwa mkono. Masanduku haya yalianza kama altare ndogo za kubebwa safarini, zikiwa na watakatifu walinzi wa mifugo. Ghorofa ya juu ina kuzaliwa kwa Bwana, ya chini ina soko. Mtafute mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni.»

Msiandike sehemu ya mwisho bila kuitazama seti yenyewe. Jina la mwenye mali liandikwe tu akikubali, na bei yake isiandikwe kabisa.

Meza, vitambaa na taa tupangeje?

Meza yenye kimo cha sentimita 75 inawafaa watoto na walio kwenye viti vya magurudumu. Kuinua seti za nyuma, kreti za soda zilizopinduliwa na kufunikwa ni imara kuliko maboksi ya kadibodi, ambayo hunywea yakinyonya unyevu. Kitambaa kiwe cha rangi moja. Kanga na kitenge ni maridadi mno kwa kazi hii: jicho husoma jina la kanga, sanamu zikasahauliwa. Mpingo uwekwe juu ya rangi ya maziwa au mchanga, maana juu ya kitambaa cheusi hupotea. Mzeituni hupendeza juu ya kijani kibichi au damu ya mzee.

Msimwage mchanga wa pwani kuigiza jangwa. Una chumvi, chumvi huvuta maji, na baada ya wiki mbili kitako cha sanamu ya mbao kimeota ukungu. Nyasi mbichi na kuvumwani pia zina maji. Mkitaka majani, yawe makavu ya kukatika, machache, na mbali na waya.

Taa za LED za wati 5, moja kwa kila seti mbili, zikimulika kutoka ubavuni badala ya juu, zitaonyesha mikunjo ya nguo na alama za patasi. Kumi na nane za hivyo ni wati 90 tu, kwa hiyo hatari haiko kwenye mzigo wa umeme, iko kwenye waya unaokatiza njia. Zipitisheni nyuma ya meza na kuzibandika sakafuni. Balbu za joto msitumie. Huyeyusha nta, hukausha gundi na kufubaza karatasi. Wekeni pia taa chache za betri kwa ajili ya umeme kukatika, kwa sababu mtu anayejigonga gizani hujishikilia kwenye meza. Mishumaa isiwashwe popote ndani ya chumba, na mtungi wa kuzimia moto uwe mlangoni, umekaguliwa.

Watoto wakitaka kugusa?

Watagusa. Njia inayofaa ni kuwapa kitu cha kugusa: meza ya chini karibu na mlango yenye seti moja imara ya mbao isiyo na vipande vidogo chini ya sentimita 4. Kamba ya kuzuia ikae sentimita 60 kutoka ukingo wa meza. Makundi ya shule yaingie watoto 20 kwa zamu, dakika 30, kila mmoja akiwa na karatasi ya vitu sita vya kutafuta: llama, samaki, mwanamume aliyelala, na kadhalika.

Kipande kinachopotea kwanza ni Mtoto Yesu, kisha kondoo mdogo. Punje ya nta ya nyuki yenye ukubwa wa harage chini ya kitako hushikilia vizuri sanamu za mbao zilizopakwa rangi na za udongo uliong'arishwa. Kwenye udongo mkavu, majani au karatasi huacha doa, hivyo huko tumieni uzi mwembamba wa mshipi kufungia. Zamu iwe ya watu wawili, si mmoja. Asubuhi na jioni hesabuni vipande kwa kulinganisha na picha ya meza iliyopigwa siku ya ufunguzi.

Tumeona unga chini ya sanamu ya mbao. Ni nini?

Bungua. Unga laini mpya na vitundu vya milimita 1 hadi 2 vyenye ukingo mweupe maana yake yuko ndani anakula. Itengeni sanamu saa hiyo hiyo. Kama ni mti mtupu usio na rangi, ifungeni kwenye mfuko wa nailoni, mtoe hewa, mzibe, muiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika hadi barafu ikayeyuka, anzeni kuhesabu upya. Mkiitoa, msifungue mfuko kwa saa 24, ili umande utande nje ya nailoni badala ya juu ya mti. Sanamu zenye rangi, plasta, nta, kioo au lulu zisiingie friza. Muulizeni mwenye nazo, na ikiwezekana mtu wa makumbusho.

Dawa ya kupuliza msitumie, huacha madoa. Naftalini hulainisha baadhi ya plastiki na rangi, na harufu yake itakuwapo hadi Noeli ijayo.

Kipande kikivunjika?

Kusanyeni hata chembe, mziweke kwenye bahasha yenye namba ya seti, mpige picha, mmwambie mwenye mali siku hiyo hiyo. Msigundishe chochote kabla hajakubali. Akikubali, gundi nyeupe ya mbao inafaa kwa mbao na kadibodi. Gundi kali ya papo kwa papo hunywewa na udongo mkavu, haishiki vizuri, na huacha ukingo unaong'aa usioondoka.

Fomu ya kuazima iwe na nini?

Jina na simu ya mwenye mali, nchi, idadi ya vipande vikitajwa kimoja kimoja, hitilafu zilizopo tayari (sikio la punda lililokatika liandikwe kabla, si baada), thamani anayokadiria, picha mbili, tarehe ya kurudisha, na sahihi mbili wakati wa kupokea, mbili wakati wa kurudisha. Nakala moja aende nayo. Kama kanisa lina bima, ulizeni kwa maandishi iwapo inagusa mali ya kuazima; mara nyingi haigusi.

Kuna shida forodhani tukiletewa au tukituma nje?

Kwa mpingo, ndiyo inaweza kuwapo. Miti ya jenasi ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, iko kwenye Orodha ya II ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja havihitaji kibali cha CITES, lakini weka risiti na uliza ofisi ya misitu ya nchi yako kabla ya kutuma. Seti za pembe za ndovu, hata za bibi wa miaka mia, msizipokee. Australia na New Zealand hukagua kwa ukali mno majani makavu na magome ya miti. Seti ya nyuzi za mgomba itangazwe kwenye fomu, na isifungashwe kwa nyasi.

Wageni Waislamu watakaribishwa vipi?

Kama wageni wengine. Pwani watakuja, majirani na wanafunzi, na wengi wao wanaijua habari ya Maryam na Isa kupitia Sura ya 19 ya Kurani, ambamo uchungu wa uzazi unamshika Maryam penye shina la mtende. Mwongozaji ajue hilo, aeleze kilichoko mezani, asigeuze ziara kuwa mjadala.

Tutoze kiingilio?

Sanduku la sadaka mlangoni lenye maandishi ya matumizi yake linatosha. Mkiuza sanamu, meza ya mauzo iwe chumba kingine, maana vitu vya kuuzwa vikichanganyika na vya kuazima, mtu atamlipia mtunza zamu ngamia wa mwenzake.

Maonyesho makubwa ya namna hii yako wapi?

Roma kuna «100 Presepi», yaliyoanza 1976 na kuhamia Vatikani mwaka 2018. Miaka ya karibuni yamewekwa chini ya nguzo za Bernini, uwanja wa Mtakatifu Petro. Maktaba ya Maria ya Chuo Kikuu cha Dayton, Marekani, ina seti zaidi ya 3,000. Oratori ya Mtakatifu Yosefu, Montreal, nayo huonyesha za nchi nyingi. Makumbusho ya Taifa ya Bavaria, Munich, ndiyo ya kwenda kwa anayetaka kuona kazi za zamani za Napoli na Alpi.

Tufungeje hadi mwakani?

Safisheni kwanza kwa brashi laini kavu ya kupakia rangi, upana wa sentimita 2, kuanzia juu kwenda chini. Hakuna maji, isipokuwa kwa jiwe la Kisii. Kila kipande kifungwe peke yake kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa bila kuwekwa wanga; wino wa gazeti huhamia kwenye rangi nyepesi. Masikio, mabawa na fimbo yapewe pamba au kitambaa pembeni kabla ya kufunga kwa nje. Vizito chini, vyepesi juu, boksi lisizidi kilo 15. Picha ya seti nzima ibandikwe ndani ya kifuniko, na orodha ya vipande nje.

Maboksi yawe juu ya rafu au mbao, sentimita 10 kutoka sakafuni na sentimita chache kutoka ukutani, muone njia ya mchwa kabla hajafika. Si chini ya bati moja kwa moja. Pwani, wekeni pakiti za kukausha unyevu ndani ya boksi, na msizibe boksi siku ya mvua: mtakuwa mmeufungia unyevu humo. Mtoto Yesu aliye huru afungwe pamoja na Maria, si ndani ya majani ya hori, maana hayo majani kuna mtu atakuja kuyatupa. Fungueni na kukagua mwezi Mei, masika yanapoisha, na tena Septemba, kabla ya tangazo la kwanza.